Mkono wa Kulia wa Mungu

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la pili, mvua kubwa ikaja, nikaambiwa nikae nyumbani nichunge ndugu zangu, na mvua ilipoisha hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Kusoma nilijifunzia ukubwani, kwa masomo ya ngumbaru, nikiwa na mimba na mwalimu akiniogopa kwa sababu nilikuwa namkazia macho. Kwa hivyo ukiona mahali nimeandika vibaya, pita. Ukielewa inatosha.

Wazazi wangu walitoka upande wa kati ya nchi wakanunua shamba Trans-Nzoia pamoja na watu wengine, wakati wazungu walikuwa wanafunga mizigo. Nimekulia huku, nikaolewa huku, nikazaa huku. Mume wangu alipofariki nilikodisha shamba nikahamia Tuwan, hapo Kitale, nikawa nauza maharagwe na mahindi sokoni, napima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Sina malalamiko. Nyumba ilikuwa ya mabati, lakini haikuvuja, na nyuma yake nilikuwa na sukuma wiki ya kutosha na kiti changu cha kuota jua. Mtu akiwa na jua la asubuhi na chai yenye maziwa, anataka nini tena?

Sisi tulikuwa watu wa ushirika, wale waliookoka zamani. Kwetu mtu akifa, mama anafunga kitambaa cha kichwa vizuri, tunaimba, tunazika, tunarudi kupika chai. Kulia kulikuwa kwa watoto na kwa mtu anayekata vitunguu. Sio kwamba hatukuumia. Tuliumia, na kule kuimba ndiko kulikotushika tusianguke. Mtu asije akaniambia ulikuwa uongo. Nilimzika mume wangu hivyo, na kesho yake nikakamua ng'ombe.

Binti yangu, kitinda mimba, aliolewa Misikhu, upande wa Bungoma, na mwalimu wa shule ya msingi. Kijana mpole, wa kusema "ndio, Mama" kabla hujamaliza kuuliza. Mama yake ndiye hakuwa mpole. Mjukuu wetu wa kwanza, msichana, aliniita mimi Shosho na yule akamwita Kukhu, yaani nyanya, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na sisi wenyewe tukaanza kuitana hivyo hivyo. Kukhu alikuwa mama mkubwa wa mwili na wa sauti. Akikusalimia "mulembe" akiwa ng'ambo ya barabara, kuku wanakimbia. Kanisa lao ni la ngoma na kuruka. Akifurahi analia, akikasirika analia, akimwona mtu waliyepotezana tangu Krismasi analia. Mimi nilikuwa nakaa kando kidogo, nimeshika kikombe changu.

Halafu Kiswahili chake. Watu wa Bungoma hubadilisha l na r, na sisi wa kutoka kati pia tunazibadilisha, kila mtu kwa njia yake, kwa hivyo tukiongea sisi wawili hujui nani amebeba herufi ya nani. Siku ya harusi aliniambia, "Mama, toa kula yako." Nikamletea sahani ya wali. Kumbe alitaka kura, kina mama walikuwa wanachagua kama tule kwanza ama mhubiri aongee kwanza. Hapa nitanyoosha maneno yake, nikiyaandika vile alivyoyasema utapotea kama nilivyopotea mimi.

Mtoto wao wa pili alikuwa mvulana. Alizaliwa karibu na ule mwaka watoto walianza kusoma shule ya msingi bila karo, na baba yake alikuwa na darasa limejaa mpaka wengine wanakaa kwa dirisha. Mtoto mzito, wa kucheka na ufizi. Alikuwa ameanza kukaa akiegemezwa kwa mto wakati homa ya mapafu ilimshika. Hospitali walijaribu. Wiki haikuisha.

Nilienda mazishi. Kina mama wa Misikhu walianza kulia tangu barabarani, mikono juu ya kichwa, vile desturi yao inataka mtu akaribie boma la msiba. Mimi nikaingia kimya, kitambaa kimefungwa, nikasalimia wazee kwa mkono. Waliniangalia sana. Baadaye niliambiwa mama mmoja aliuliza, "Huyu ni nyanya ya mtoto ama ni mtu wa serikali amekuja kupima shamba?"

Binti yangu alisimama kando ya kaburi amenyooka kama nguzo ya stima. Akasema Mungu aliyempa ndiye amemchukua, na yeye hana swali. Akaanzisha wimbo na sauti haikutetemeka. Mhubiri akawaambia watu watazame imani. Nami nilitazama nikasema moyoni, huyo ni wangu. Mtu mmoja tu hakusema amina. Kukhu, aliyekuwa amelia tangu asubuhi, alinyamaza ghafla, akawa anamwangalia yule mke wa mwanawe kama mtu anayeangalia sufuria isiyotoa mvuke na iko motoni.

Baadaye mwalimu alimleta binti yangu Tuwan apumzike kwangu, yeye na yule msichana mdogo. Habari zake zilikuwa zimefika kabla yake. Ushirika wa Kitale ukamwita atoe ushuhuda, halafu kanisa jirani, halafu lingine la huko chini. Anasimama, anatabasamu, anasema vile alivyosema kaburini, neno kwa neno, kina mama wanapiga makofi. "Dada mwenye nguvu," ndivyo walivyomwita.

Lakini mimi ndiye nilikuwa naishi naye. Alikuwa anapiga pasi siku nzima, ile pasi ya makaa, anapiga nguo zikiisha anapiga shuka, shuka zikiisha nikamkuta anapiga pasi matambara ya kufutia meza. Mtoto wake akianguka huko nje akilia, anamwambia, "Nyamaza, Yesu anakuona," na hainami kumwinua. Na wakati wa kuombea chakula nilimwona macho yake yamefunguka, yanaangalia chumvi.

Siku moja tulikuwa tunachagua maharagwe, kila mmoja na ungo wake.

"Mama, nikuulize?"

"Uliza."

"Wewe ukiomba, unasikia kuna mtu?"

Nikatoa mawe, nikayaweka kando. "Kwani wewe unasikia nini?"

"Ni kama ile simu ya mwalimu. Unapiga, unapiga, yule mama wa ndani anakwambia mteja hapatikani."

Nikatoa jiwe lingine. Akaendelea, mikono ikichagua tu.

"Nikitoa ushuhuda ni kama nasimulia mtoto wa jirani. Sasa sitaenda tena, Mama. Jumapili nendeni. Na Misikhu sirudi. Kule wananiona jiwe, huku mnaniona malaika. Mimi siwezi kuwa hata moja."

"Na bwana yako?"

"Atapata mwingine anayejua kulia."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anasema sukari imeisha. Hapo nikajua nampoteza. Kuna kupoteza mtoto akiwa ameketi mbele yako na ungo mapajani, na hiyo hakuna mtu anakuja kukupa pole.

Nilifanya nilichojua. Nilifunga kula. Nikaita wazee wa ushirika wakamwekea mikono. Aliwapikia chai, akawashukuru, akawasindikiza mpaka kona, akarudi akawasha pasi. Nikampikia irio, nikampikia uji wa wimbi. Alikula kidogo kwa heshima. Mwalimu akaja siku ya Jumamosi, akakaa kwa kiti mikono kwenye magoti, akasema "ndio, Mama" kwa kila kitu, akaondoka peke yake. Nilimwona akipangusa macho akifika kwa lango.

Halafu Kukhu akaja bila kuambia mtu. Ilikuwa Alhamisi mchana. Alitoka stendi amebebwa na bodaboda ya baiskeli, kuku amefungwa kwa usukani, yeye nyuma na mkungu wa ndizi mapajani, na mwenye baiskeli amelowa jasho kama amevuka mto.

"Nimekuja kuchukua mtoto wangu," akasema hata kabla ya kuteremka vizuri.

"Mtoto wako yuko shuleni anafundisha," nikamwambia. "Huyu wa hapa ni wangu."

"Shosho, ng'ombe walishakuja kwenu. Ng'ombe hawarudi nyuma."

"Ng'ombe hawarudi, lakini binti ana miguu."

Akacheka, nami nikacheka kidogo, tukamfungua yule kuku. Lakini nilimwambia ukweli hapo hapo uani, kwamba binti yetu amesema harudi, na kanisani pia ameacha, na mimi sijui nifanye nini tena. Kukhu akaangalia dirisha. Ndani tulisikia pasi ikigonga meza.

"Amelia?" akaniuliza.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Sisi hatuliagi hivyo, Kukhu."

"Haya," akasema. "Nipe maji ya kunywa."

Sasa Alhamisi ndiyo siku ya kina mama kukutana kwangu. Walikuja mmoja mmoja, wakakaa kwa viti na kwa kitanda, binti yangu akawa jikoni anaandaa chai kwa sababu alikuwa amekataa kuketi nasi. Kukhu nikamweka kwa kiti kizuri. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye jibu kwa kila kitu, na yeye akaona si vizuri mgeni akae kimya. Akamwomba asalimie watu na neno moja. Nilijua neno moja halitakuwa moja.

Kukhu akasimama, akavuta leso.

"Bwana asifiwe. Mimi sijui kusoma, na Kiswahili nilijifunza kwa soko. Lakini kuna kitu mhubiri wetu alitufundisha, nikakiweka. Alisema Yesu ameketi mkono wa kulia wa Mungu. Nikafurahi sana. Nikasema, kumbe Mungu amegawa mikono yake kazi. Mmoja wa kuumba na wa kuchapa. Na mwingine wa kulia. Mtu akiwa na machozi anaenda upande ule, analia, hakuna mtu anamfukuza. Na Yesu ameketi hapo hapo kwa sababu yeye anajua kulia, alilia kwa kaburi ya rafiki yake na watu wote wakaona. Sasa mimi siku ya kuzika mjukuu wangu nilienda kwa ule mkono. Bado niko hapo. Sijatoka."

Kina mama wakaangaliana. Mmoja akasema amina halafu akaona yuko peke yake, akaiachia katikati. Lazima nieleze kidogo. Kitabu chetu kinasema mkono wa kuume. Lakini huku kwetu ukisema kuume watu wanafikiri ni habari ya wanaume, kwa hivyo wahubiri husema tu mkono wa kulia, na wanajua tumeelewa. Nyumba ilikuwa yangu, mgeni wangu; nikaona ni mimi nimrekebishe, kabla ya mwenyekiti.

"Kukhu," nikasema na upole wote nilionao, "hapo ni upande tu. Kuna kulia na kuna kushoto."

"Eeh. Upande wa kulia."

"Lakini si kulia machozi."

"Kulia gani sasa?"

"Kulia tu. Mkono huu." Nikainua wangu.

"Huo ni wa kulia?"

"Ndio."

"Si ndio hivyo nimesema? Sasa tunabishana nini?"

Mwenyekiti akaingilia. "Mama, ni kulia ya kulia chakula. Ule mkono mtu anakulia."

Kukhu akamgeukia polepole, mwili wote.

"Kwani Mungu hula nini?"

Kina mama wakamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akafungua mdomo na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukuwa na kitu ndani. Halafu nikasikia sauti nyuma yangu, mlangoni mwa jiko. Binti yangu alikuwa amesimama na sinia ya vikombe, na alikuwa anacheka. Kwanza kwa pua, akijizuia, kama alivyokuwa akicheka kanisani akiwa mdogo nikamfinya. Vikombe vikaanza kugongana. Nikachukua sinia. Akacheka mpaka akashika ukuta, mpaka akakaa chini pale pale kwa sakafu. Kina mama wengine nao wakaanza kucheka.

Halafu kile kicheko kikabadilika. Sijui ni saa ngapi kilibadilika. Kilikuwa kicheko, kikawa kingine, na mdomo bado uko wazi vile vile. Mimi nilimzaa na sikuwahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwake.

Kukhu hakumwambia pole. Alishuka kwa sakafu na mwili wake wote ule, akakaa kando yake, akaweka mikono juu ya kichwa, akalia vile wanalia Misikhu, kwa sauti ya boma zima, akimwita yule mtoto baba, baba, vile wanavyowaita watoto wa kiume kwao. Na binti yangu akashika ile sauti kama mtu anashika kamba, akamwita pia.

Tuwan nyumba zimekaribiana. Haikuchukua muda, watu wako mlangoni. Jirani yangu anayepika mandazi alikuja na unga mikononi.

"Shosho, nani amekufa?"

"Mjukuu wangu."

"Uui, pole. Lini?"

"Mwezi wa pili."

Tulikuwa mwezi wa tano. Aliniangalia, akawaangalia wale wawili chini, akafikiri.

"Basi hamkuwa mmemaliza," akasema, akavua viatu, akaingia akakaa.

Mwenyekiti alikuwa ameinuka. Akaninong'oneza kwamba hiyo ni roho ya huzuni, na tuikemee haraka kabla haijazoea nyumba. Nikampa kikombe.

"Dada, keti. Kunywa chai ikiwa moto."

Aliketi. Mimi huwa sirudii.

Nikagawa chai kwa kila mtu, na wale waliokuja kutoka nje pia, nikaongeza maji kwa sufuria. Nilipomaliza nikavuta kigoda nikakaa nyuma ya binti yangu, nikaweka mkono mgongoni mwake. Mgongo ulikuwa moto kama wa mtoto mwenye homa. Mimi sikulia. Mpaka leo silii mbele ya watu, na sioni kwa nini nianze. Machozi yangu yana saa zake na mahali pake. Lakini sikuanzisha wimbo pia. Kina mama waliningoja nianzishe, kama kawaida. Nikaacha. Tukakaa hivyo mpaka alipochoka mwenyewe, akalala kwa paja la Kukhu na kamasi yake yote, mama wa watoto wawili.

Kukhu alimchinja yule kuku kwa mkono wake, akanifukuza jikoni kwangu, ati mimi nakata vipande vidogo kama vya mgonjwa. Jua lilikuwa halijazama tulipoketi kula. Kuombea chakula ni kazi yangu kwa ile nyumba. Nilikuwa nimeshafumba macho binti yangu aliposema, "Mama, leo niombe mimi."

Akafuta mikono kwa leso. Halafu akasema:

"Mungu, nimekukasirikia. Ulinipa mtoto, nikamzoea, ukanyamaza nikikuita. Kwa hilo sitakushukuru, usiningoje. Nilisema sina swali, na ninalo. Kwa hii kuku, asante, na kwa Kukhu aliyeibeba. Amina."

Nilifungua jicho moja nikaangalia mabati. Nimelelewa kwamba hata baba yako huongei naye hivyo. Kukhu akasema "amina" kama mtu amesifiwa. Yule mjukuu wangu akamvuta mama yake nguo.

"Mama, umemsemea Mungu vibaya."

"Ndio. Nimemsemea kwa sababu yuko."

Nikasema amina yangu. Ilichelewa, lakini niliisema. Halafu nikamwekea binti yangu paja la kuku, akalimaliza, akanyonya na mfupa, akaniuliza kama kuna ugali mwingine.

Kukhu alikaa kwangu siku kadhaa. Tuligombana juu ya chumvi, juu ya mahali pa kuanika nguo, na juu ya kama maharagwe huchemshwa na mahindi ama peke yake. Yeye na binti yangu walikuwa wanalia asubuhi kidogo, halafu wanaamka wanafagia. Siku ya Jumapili binti yangu alikuja kanisani, akakaa nyuma. Walipomwita ushuhuda alisimama akasema, "Nilimpenda sana yule mtoto, na bado naumia. Mniombee." Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini baada ya ibada kina mama walimfuata nje mmoja mmoja, na niliona wengine, wazee kama mimi, wakimwambia mambo kwa sikio, mambo ya watoto waliozikwa kabla yeye hajazaliwa. Wiki iliyofuata Kukhu akamchukua, na mwalimu alikuwa anawangoja kwa barabara huko Misikhu amevaa tai, ati kama anachumbia upya.

Wamezaa wengine wawili. Kule Misikhu mtu akifiwa wanamwita binti yangu, kwa sababu hakuambii unyamaze na hakuambii ulie. Anakuja tu anakaa, anauliza marehemu alipenda chakula gani.

Mimi huenda huko kila maharagwe yakikomaa. Mara ya mwisho tulienda naye nyuma ya migomba, kwa lile kaburi dogo, majani yalikuwa yamelizidi. Alianza kupalilia, akalia kidogo akiwa ameinama, akapangusa uso kwa mkono wenye udongo, halafu bila kuinuka akaniuliza gorogoro ya maharagwe Kitale sasa ni pesa ngapi. Nikamwambia imepanda, na bado inapanda. Akasema basi asiuze bado. Nikavua viatu, nikachukua jembe la pili, nikaanza upande wa pili.